Karata kwenye seva: namna ninavyoweka Solitaire na wenzake katika darasa letu la Kirumba

Darasa langu linaendeshwa na kompyuta moja tu. Ukiingia utaona vioo tisa vimepangwa kwenye meza mbili ndefu, kila kimoja na kibodi na kipanya chake, utadhani ni kompyuta tisa. Hapana. Nyuma ya kila kioo kuna kiboksi kidogo kisicho na diski, na viboksi vyote vinavuta kazi kutoka kwenye seva moja iliyokaa kwenye kona, juu ya matofali mawili ili maji ya mvua yasiifikie. Seva hiyo inaendesha Windows Server 2008 R2. Niliinunua ikiwa imeshatumika, ofisi moja ya mjini ilipokuwa inabadilisha vifaa vyake.

Nilichagua seva kwa sababu Windows ya kawaida humruhusu mtu mmoja tu kufanya kazi kwa wakati mmoja, ila seva yenye leseni za watumiaji inabeba wengi, kila mtu na dirisha lake, kila mtu na mafaili yake. Kwa chumba cha kupanga hapa Kirumba, Mwanza, umeme wa Luku naununua mwenyewe, kuwasha mashine moja badala ya tisa kumeniwezesha kubaki na darasa hadi leo.

Tatizo ni kwamba seva huja bila michezo. Toka toleo la Server 2003 hutaikuta Solitaire, hutaikuta Minesweeper, hutaikuta FreeCell. Hata ukiongeza kipengele cha Desktop Experience, ambacho huleta mandhari za rangi na programu ya kuchezea muziki, michezo haiji. Fundi mmoja niliyemuuliza alinijibu kwamba seva ni ya kazi, ukitaka michezo kanunue kompyuta ya mtoto. Namheshimu kwa mengi, lakini kwa hili sikubaliani naye hata kidogo, na nitaeleza kwa nini kabla sijafika kwenye amri.

Siku ya kwanza ya kundi jipya naijua kwa mabega. Watu wameyapandisha mpaka masikioni, na kipanya wamekikaba kama kitatoroka. Mwaka jana alikuja mama mmoja anayeuza dagaa pale sokoni Mwaloni. Mikono yake imezoea kufunga magunia, na kipanya kilikuwa chepesi mno kwake. Akikigusa, mshale unakwenda kona ya juu. Akikirudisha, unapotelea chini.

“Mwalimu, huyu mshale ananikimbia.”

“Legeza vidole, mama. Usimkamate, msukume tu.”

Akajaribu tena na tena. Vijana waliomaliza kidato cha nne, waliokaa kushoto na kulia kwake, walikuwa tayari wanaandika barua za kuomba kazi. Nikamwona anaangalia mlango. Nikamwinamia, nikamfungulia Solitaire. Karata anazijua toka utotoni: kopa, uru, shupaza, pau. Sikuhitaji kumweleza mara mbili kwamba tisa nyeusi inalala juu ya kumi nyekundu. Mawazo yake yote yakahamia kwenye karata, mkono ukaachwa ujifunze wenyewe. Baada ya saa moja alikuwa anabofya, anashikilia, anaburuta, anaachia, mabega yameshuka, na alikuwa anabishana na kompyuta kuhusu jeki aliyejificha chini. Wiki ya pili nilipofika kwenye Excel, kuburuta ili kuchagua safu za hesabu halikuwa somo tena kwake.

Solitaire iliingia kwenye Windows 3.0 mwaka 1990. Programu yake iliandikwa na Wes Cherry, aliyekuwa mwanafunzi wa mafunzo kazini Microsoft, na sura za karata zilichorwa na Susan Kare. Wakati huo watu wengi ofisini walikuwa hawajawahi kushika kipanya. Kuivuta karata kutoka hapa na kuiweka pale ni zoezi lilelile utakalolihitaji kuhamisha faili. Minesweeper nayo inakufundisha kwamba kitufe cha kushoto na cha kulia ni vitu viwili tofauti, na ukivichanganya unalipuka. Mimi nafundisha watu wazima ambao wako palepale walipokuwa wale wa 1990, kwa hiyo zana ni zilezile.

Basi tuingie kazini.

Kwanza, chagua michezo ya toleo sahihi

Nilianza kwa kukosea hapa, ndiyo maana naliweka mbele. Nilichukua michezo ya Windows 7, kwa sababu ni mizuri zaidi kwa macho na kwa sababu Windows 7 na Server 2008 R2 ni ndugu wa tumbo moja. Nikanakili folda nzima ya Microsoft Games. Nikabofya mara mbili. Kimya. Hakuna dirisha, hakuna hata ujumbe wa kosa. Michezo ya Windows 7 kabla ya kufunguka huiuliza Windows kama leseni ya toleo hilo inaruhusu michezo, na seva hujibu hapana. Wapo wanaofungua faili la mchezo na kubadilisha herufi zake za ndani ili liruke swali hilo. Mimi sifanyi hivyo kwenye mashine inayotumiwa na watu tisa kwa mpigo, na faili lililokwisha kuchokonolewa na mtu nisiyemjua siliweki kabisa.

Michezo ya Windows XP, toleo la zamani zaidi, haiulizi kitu. Ni midogo, ni ya biti 32 (mtindo wa zamani wa programu, kabla ya biti 64), na Server 2008 R2, ambayo ilitoka kwa biti 64 pekee, bado inajua kuendesha programu za biti 32. Yote mitano pamoja na faili la karata haifiki megabaiti 2. Chukua ya XP.

Mafaili unayoyahitaji ni haya: sol.exe ambayo ni Solitaire, freecell.exe, mshearts.exe ambayo ni Hearts, winmine.exe ambayo ni Minesweeper, spider.exe ambayo ni Spider, Solitaire ya aina nyingine, na la sita ambalo si mchezo lakini bila hilo Solitaire, FreeCell na Hearts hazifunguki: cards.dll. Picha za karata zimo humo.

Kuyatoa mafaili

Kama una kompyuta ya XP ambayo bado inawaka, mafaili yote sita yako C:\Windows\System32. Yaweke kwenye flashi, umemaliza hatua hii. Ikague flashi hiyo kwanza, maana kompyuta ya XP iliyozunguka mtaani miaka yote hii huwa imebeba mengi, na XP iliacha kupewa marekebisho ya usalama toka Aprili 2014.

Mimi kompyuta ya XP ilishakufa, lakini CD yake halisi nilikuwa nayo kwenye droo. Ndani ya CD kuna folda inaitwa I386, na humo michezo imo, ila imebanwa; herufi ya mwisho ya jina imegeuzwa kuwa mstari wa chini. Sol.exe imeandikwa SOL.EX_, na cards.dll imeandikwa CARDS.DL_. Ukiibofya hivyohivyo haifunguki. Lazima uikunjue, na seva tayari ina chombo cha kukunjulia, kinaitwa expand.

Ingia kwenye seva kama msimamizi. Fungua dirisha la amri kwa kubofya kitufe cha kulia na kuchagua kuliendesha kama msimamizi, la sivyo utakataliwa kutengeneza folda. Kisha andika, ukibadilisha D: iwe herufi ya CD yako:

mkdir C:\Michezo
expand D:\I386\SOL.EX_ C:\Michezo\sol.exe
expand D:\I386\FREECELL.EX_ C:\Michezo\freecell.exe
expand D:\I386\MSHEARTS.EX_ C:\Michezo\mshearts.exe
expand D:\I386\WINMINE.EX_ C:\Michezo\winmine.exe
expand D:\I386\SPIDER.EX_ C:\Michezo\spider.exe
expand D:\I386\CARDS.DL_ C:\Michezo\cards.dll

Kama seva yako haina sehemu ya CD, nakili yale mafaili sita yaliyobanwa kwenye flashi kwa kutumia kompyuta nyingine, kisha elekeza amri kwenye flashi. Hakuna tofauti.

Sasa bofya C:\Michezo\sol.exe. Karata zinatakiwa zijipange hapohapo. Siku zilipojipanga kwangu ilikuwa saa tatu usiku, dirisha liko wazi, wadudu wa ziwani wamejaa kwenye kioo kwa ajili ya mwanga, na nilicheza mchezo mzima peke yangu kabla ya kufunga mlango.

Kwa nini folda ya peke yake

Sikiliza hapa vizuri, maana hapa ndipo watu wengi wanakwama, na mimi nilikwama jioni nzima.

Mazoea yanakuambia mafaili yaliyotoka System32 yarudi System32. Nilifanya hivyo. Minesweeper ikafunguka, kwa hiyo nikajua nimeweza. Nikabofya Solitaire: ujumbe, cards.dll haipo. Nikafungua folda, nikaiona cards.dll kwa macho yangu, imekaa ubavuni mwa sol.exe. Nikainakili upya. Ujumbe uleule. Nikadhani faili limeharibika, nikalikunjua mara ya pili kutoka kwenye CD. Uleule.

Kumbe kwenye Windows ya biti 64, folda ya System32, pamoja na jina lake lenye 32, ni nyumba ya mafaili ya biti 64. Mafaili ya biti 32 yana nyumba yake, inaitwa SysWOW64. Ndiyo, majina yamekaa kinyume na unavyotarajia, na sababu ni kutovuruga programu za zamani zilizozoea njia ile. Programu ya biti 32 ikigonga mlango wa System32, Windows huishika mkono kimyakimya na kuipeleka SysWOW64. Sol.exe ilikuwa inatafuta cards.dll “hapa nilipo”, ikapelekwa nyumba ya pili, na huko hakukuwa na kitu. Mimi naliona faili, yenyewe hailioni, na sote tunasema kweli. Minesweeper ilifunguka kwa sababu haina haja na cards.dll.

Ungeweza kuweka mafaili ndani ya SysWOW64 na yangefanya kazi. Usifanye. Folda za mfumo ni za mfumo. Ukitaka kuondoa michezo kesho utaanza kupekua mafaili maelfu. Folda ya peke yake haina mchezo huo wa milango: programu hutafuta kwanza kwenye folda yake yenyewe, inaikuta cards.dll, basi. Kuondoa ni kufuta folda moja.

Kumfikishia kila mwanafunzi

Michezo iko kwenye seva, kwa hiyo vioo vyote tisa tayari vinayo. Kinachobaki ni wanafunzi waione. Usiweke ikoni kwa kila mtu mmojammoja. Tengeneza njia ya mkato ya kila mchezo, kisha zinakili zote kwenye folda hii:

C:\Users\Public\Desktop

Folda hiyo imefichwa, hutaiona ukipekua, lakini ukiandika njia yake kwenye upau wa anwani inafunguka. Chochote unachokiweka humo kinatokea kwenye kioo cha kila anayeingia. Mimi nimezibadilisha majina: Solitaire nimeiita Karata, Minesweeper nimeiita Mabomu, Spider nimeiita Buibui. FreeCell na Hearts nimeziacha na majina yake kwa sababu sijapata neno linalonikaa. Mtu ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusoma kioo asianze na neno asiloweza kulitamka.

Kuna jambo la ruhusa. Folda uliyoitengeneza moja kwa moja chini ya C: kwa kawaida watumiaji wote wanaweza kuisoma na kuendesha kilichomo, kwa hiyo michezo itafunguka. Lakini nakili mafaili, usiyahamishe kutoka folda nyingine ya diski hiyohiyo. Faili lililonakiliwa huchukua ruhusa za nyumba mpya; lililohamishwa huja na ruhusa za nyumba ya zamani. Ulilitoa kwenye folda yako binafsi, basi wewe litakufungukia na mwanafunzi atakataliwa, na utamaliza muda mwingi ukimlaumu mwanafunzi.

Kufunga na kufungua wakati wa somo

Napenda michezo hii kwa moyo wote, na kwa sababu hiyohiyo siiachi wazi siku nzima. Mtu amelipa ada kutokana na pesa ya samaki au ya bodaboda; saa yake ya kuandika barua isiliwe na Buibui. Kwangu utaratibu ni nusu saa ya mwanzo, na tena robo saa ya mwisho kwa anayetaka.

Nimetengeneza kundi moja la watumiaji na kuwaingiza wanafunzi wote:

net localgroup Wanafunzi /add
net localgroup Wanafunzi mwanafunzi01 /add

na kuendelea mpaka mwanafunzi09. Usijiingize mwenyewe. Kwenye Windows katazo lina nguvu kuliko ruhusa, na msimamizi aliyemo kwenye kundi lililokatazwa anakatazwa naye. Kumbuka pia kwamba mtu aliyekuwa ameshaingia wakati unamwongeza kwenye kundi hahesabiki hadi atoke na kuingia upya.

Kisha nina mafaili mawili madogo ya amri kwenye folda yangu, si ndani ya C:\Michezo. La kwanza, funga.bat, lina mistari hii:

icacls C:\Michezo /deny Wanafunzi:(OI)(CI)(RX)
taskkill /f /im sol.exe
taskkill /f /im freecell.exe
taskkill /f /im mshearts.exe
taskkill /f /im winmine.exe
taskkill /f /im spider.exe

La pili, fungua.bat, lina mmoja tu:

icacls C:\Michezo /remove:d Wanafunzi

Mistari ya taskkill ina umuhimu wake: kukataza folda hakumgusi aliyekwisha kufungua mchezo. Bila hiyo utafunga mlango huku watu watano wako ndani wanaendelea. Yote mawili yaendeshe kama msimamizi. Lakini kabla ya kufunga natangaza, kila mara. “Jamani, dakika mbili.” Mtu mzima aliyebakiza karata sita amalize Solitaire hastahili kuzimiwa usoni.

Kwa nini si Pinball

Vijana huniuliza Pinball, ule mchezo wa chombo cha angani. Upo kwenye XP, ndani ya C:\Program Files\Windows NT\Pinball, na ukinakili folda hiyo nzima unafunguka kwenye seva bila shida. Microsoft waliuondoa kuanzia Windows Vista, toleo lililofuata XP. Raymond Chen, mhandisi wao, ameeleza kwamba walipojaribu kuugeuza uwe wa biti 64 gololi ilikuwa inapenya vitu badala ya kuvigonga, na hawakupata muda wa kutafuta kosa. Wa biti 32 hauna ugonjwa huo. Nimeuacha kwa sababu nyingine. Karata ikihama, seva inatuma picha ya kipande kidogo cha kioo. Gololi haisimami, kwa hiyo seva inatuma picha mfululizo, na sauti juu yake. Wachezaji wawili tu, na waliokuwa wanaandika walianza kuona herufi zikichelewa kutokea. Kama una kioo kimechomekwa moja kwa moja kwenye seva, cheza huko.

Namna ninavyoitumia

Karata ndiyo ya kwanza kwa kila mtu. Nawawekea ile ya kufunua karata moja moja badala ya tatu, kwa sababu lengo ni mkono. Kuna kitu kimoja natumia kujaribu kila kioo asubuhi kabla hawajafika: nafungua Solitaire na kubonyeza Alt, Shift na 2 kwa pamoja. Mchezo unajimaliza na karata zinaanza kuruka na kudunda. Kioo ambacho mtandao wake umelegea hukijua hapohapo, karata zinakwama katikati ya hewa. Nakagua waya wake kabla mwanafunzi hajakaa.

Mabomu ni ya siku ya tatu. Ngazi ya chini ina vyumba 9 kwa 9 na mabomu 10, inatosha kabisa. Bofyo la kwanza halilipuki kamwe; mchezo ukikuta bomu chini yake hulihamisha. Naliambia darasa hivyo ili woga uishe, halafu nawaeleza namba: ikisema 2, kati ya majirani zake wanane wawili ni mabomu. Kushoto unafungua, kulia unaweka bendera. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa kila mara anabofya kulia pale anapotaka kushoto, na menyu zinamfunukia asizozitaka. Siku mbili za Mabomu zilimaliza tatizo ambalo nilikuwa nimelisema kwa mdomo wiki nzima.

Rekodi za muda wa Mabomu zinahifadhiwa kwa kila mtumiaji, kwenye rejista, yaani daftari la ndani la mipangilio ya Windows, sehemu ya HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\winmine. Maana yake mwanafunzi01 ana rekodi zake na mwanafunzi02 zake. Kwangu akaunti moja inatumiwa na watu watatu, wa asubuhi, wa mchana na wa jioni, kwa hiyo waambie waandike jina kamili pale mchezo unapowauliza. Kundi likimaliza kozi, nafuta rekodi ili wapya waanze na sekunde 999, ambayo ndiyo namba ya kuanzia. Ingia kwa akaunti ya mwanafunzi husika na uandike:

reg delete HKCU\Software\Microsoft\winmine /f

FreeCell ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa kufundishia. Kila mpangilio wa karata una namba. Ukibonyeza F3 inakuuliza unataka namba ngapi, na toleo la XP linakubali kutoka 1 hadi 1000000. Namwambia kila mtu aandike namba moja, tuseme 164. Vioo tisa vinaonyesha karata zilezile, mahali palepale. Sasa darasa linakuwa na kitu kimoja cha kujadili. Mzee mmoja mstaafu, mchezaji wa bao, alikaa na namba moja siku tatu. Kila akifika alikuwa anaandika hatua zake kwenye daftari, na alipomaliza alisimama kuwaonyesha vijana alivyoiacha nafasi moja tupu kwa makusudi. Katika mipangilio 32,000 ya awali ni mmoja tu usiomalizika, namba 11982. Iepuke, au wape walio wepesi mno wa kukata tamaa na wepesi mno wa kujisifu, kila mmoja kwa sababu yake.

Hearts naifungua Ijumaa. Anayejua arubastini anaelewa haraka kwamba ni mchezo wa kukwepa: kila kopa ni pointi moja, malkia wa shupaza ni 13, na mtu akifika 100 mchezo umekwisha, mwenye pointi chache ndiye mshindi. Unacheza na watu watatu wa kompyuta wanaoitwa Pauline, Michele na Ben. Ijumaa jioni utasikia mtu anapaza sauti, “Huyu Pauline kanibambikia malkia tena!” na anayepita nje anadhani kuna ugomvi.

Umeme ukikatika, vioo na viboksi vinazima, lakini seva iko kwenye UPS, betri ya akiba inayoishikilia dakika kadhaa. Umeme ukirudi ndani ya muda huo, mwanafunzi anaingia upya kwa jina lake na anakuta karata zake pale alipoziacha. Mara ya kwanza huwa hawaamini. Ni hapo ndipo naeleza seva ni nini, kwamba kazi haikuwa kwenye kile kioo hata siku moja. Maelezo hayo nilikuwa nayatoa kwa kuchora ubaoni, na hayakuwahi kueleweka hivi.

Neno kuhusu matoleo mengine. Nimeyaweka mafaili hayahayo kwenye Server 2016 ya rafiki yangu anayefundisha Nyegezi, kwa njia hiihii ya folda ya peke yake, na michezo yote mitano ilifunguka. Seva yangu ya 2008 R2 iliacha kupewa marekebisho ya usalama Januari 2020, kwa hiyo haijaunganishwa na intaneti kabisa. Barua pepe tunajifunzia kwenye kompyuta ndogo nyingine iliyo pembeni. Ukiwa na ya zamani kama yangu, na wewe ifungie ndani.

Ukishamaliza, nakili folda nzima ya C:\Michezo na yale mafaili mawili ya bat kwenye flashi mbili. Yangu moja iko kwenye droo pamoja na CD ya XP, nyingine iko nyumbani. CD inachubuka, na sol.exe halisi kila mwaka inazidi kuwa ngumu kuipata kwa mtu unayemwamini.